Mtaa ni wa wote, sura je?

Najua nimepotea. Si mnajua tena, testi zimebanana, kundi la asaimenti lina watu wanaoonekana siku ya kuandika majina tu, na bumu lilishakuwa historia. Lakini leo lazima niandike, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi.

Jumamosi kulizuka ubishi hosteli. Ulianzia kwenye simu. Kuna Mbongo mmoja anaishi Ulaya, anapiga picha za mitaani huko na kuzitundika mtandaoni. Picha kali kweli, sikatai. Wazee kwenye vituo vya basi, mama anakimbiza mtoto kwenye mvua, jamaa amelala kwenye benchi mdomo wazi. Mwenzetu mmoja akauliza swali dogo tu: "Hivi huyu aliyelala anajua kwamba wanafunzi wa Tanzania wanamcheka saa hizi?" Chumba kikagawanyika. Wengi wakasema mtaa ni wa wote, ukitoka nje umekubali kuonekana. Mimi nilikuwa upande wa wachache, na kwa kuwa kelele zilikuwa nyingi kuliko hoja, nimeona nije kumalizia hapa ambapo hakuna wa kunikatiza.

Msimamo wangu ni huu. Mpiga picha wa mtaani aliye ugenini asipimwe kwa ukali wa picha peke yake. Apimwe pia kwa kuuliza: yule aliyepigwa ana sehemu gani katika hiyo picha? Alijua? Akikataa anasikilizwa? Akitaka nakala anaipata? Kama majibu yote ni hapana, basi tuseme ukweli, hapo kuna mtu amechukua kitu cha mwenzake.

Nianze na mtu ninayemfahamu. Kwetu ni Hasamba, mkoa wa Songwe. Sasa kwa sisi watu wa Songwe, "nje ya nchi" si lazima upande ndege. Tunduma ikiisha Nakonde inaanza, na Nakonde ni Zambia. Wanyamwanga wako upande huu na upande ule, mtu ana shangazi Tanzania na mjomba Zambia, anapita kwenda msibani na kurudi. Lakini mpaka ni mpaka tu. Ukishavuka, pesa ni kwacha, askari ni wa nchi nyingine, na wewe ni mgeni hata kama shangazi yako anakaa mtaa wa pili.

Basi kuna kaka mmoja wa kwetu anaishi Nakonde, huu mwaka wa saba. (Jina naliacha. Itakuwa kichekesho niandike mada kama hii halafu nimwanike mtu, he he.) Kazi yake ni kupiga picha mtaani. Ana kamera moja ya mtumba, printa ndogo, na kitambaa cha bluu cha picha za paspoti. Likizo iliyopita nilikaa kwao siku nne, nikawa nazunguka naye. Niliyoyaona kule ndiyo yanayonifanya nibishe.

Wateja wake wakubwa ni wa aina tatu. Wa kwanza ni wenye haraka, wanaotaka picha ndogo za kubandika kwenye karatasi za safari. Hao hawana stori, wanakaa, wananuna kama sheria inavyotaka, wanalipa, wanaondoka. Wa pili ni madereva wa malori. Foleni ya malori pale mpakani kila mtu wa kwetu anaijua. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019 ili mzigo ukaguliwe sehemu moja badala ya mbili, ila dereva bado ana saa zake nyingi za kukaa kusubiri. Akichoka kusubiri anataka picha. Anasimama mbele ya gari, mkono mmoja kwenye bampa, miwani usoni, picha inatumwa nyumbani waone baba yuko kazini. Wa tatu ni watu wa sherehe: kipaimara, harusi, kicheni pati.

Nilichokiona ni kwamba yule kaka hainui kamera kabla ya kuinua mkono. Kwanza salamu. Asubuhi anasema "Mwashibukeni", akimaliza "Natotela", na kwa Kibemba mtu mzima humwiti jina kavu, unatanguliza "ba" mbele. Anauliza habari za nyumbani, ananunua hata kitumbua kimoja. Mimi nikawa nashangaa, saa nzima imekwisha na hajapiga picha yoyote.

Akaniambia, "Mdogo wangu, mimi hapa mgeni. Mwenyeji akimpiga mtu picha bila kuuliza, watagombana, kesho watasalimiana. Mimi nikifanya hivyo wataniuliza nimetumwa na nani." Na wamewahi kumuuliza. Mara mbili amesimamishwa na askari aeleze anapiga nini na kwa nini, maana mpakani si mahali pa kuelekeza kamera ovyo. Tangu hapo akiwa barabarani mgongo wake uko upande wa majengo ya serikali muda wote. Nilicheka, lakini yeye hakucheka.

Kuna mama mmoja anauza kapenta sokoni. Kwa miaka miwili kila akiona kamera anajifunika uso na chitenge. Kaka yetu hakumvizia hata siku moja, na angeweza, maana wanakaa hatua kumi tu kutoka kilipo kibanda chake. Mwaka wa tatu yule mama akaja mwenyewe, amevaa chitenge kipya, akavuta kiti, akakaa. Binti yake alikuwa anahamia mbali kwa mumewe na alitaka aende na sura ya mama yake. Akalipa bei kamili, akakataa punguzo. Nakala ya picha hiyo iko ukutani kwenye kibanda, kwa ruhusa yake, na anapopita huwa anaiangalia kwa pembe ya jicho kuona kama imefifia.

Kuna mwingine, mwanamume, yeye aliomba kitu kimoja tu: asitokee hata nyuma ya picha za watu. Kumbe kule kwao Tanzania wanajua yuko Kitwe anafanya kazi mgodini, na kumbe yuko Nakonde, na nadhani mnaelewa kwamba hayupo peke yake. Tunaweza kucheka na tunaweza kumhukumu. Lakini sioni ni kwa nini mpiga picha awe ndiye hakimu wa ndoa za watu.

Kitu kilichonigusa zaidi ni kopo la biskuti. Ndani yake amehifadhi picha ambazo wenyewe hawajarudi kuzichukua. Nyingi za madereva, foleni ilisogea, wakaondoka. Anaziweka tu. Siku moja walikuja ndugu wa dereva aliyefariki ajalini. Walikuwa wanatafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, hawana hata moja nzuri, ila walikumbuka marehemu aliwahi kusema alipigwa picha Nakonde. Ikapatikana kwenye kopo. Hakuwadai.

Sasa mtu atasema, "Huyo ni mfanyabiashara, hiyo si sanaa ya mtaani." Sawa. Lakini hebu tuangalie historia, maana sanaa yenyewe kwetu iliingia kwa mlango huo huo wa wageni wenye vibanda.

Chukua Zanzibar. Mmoja wa wapiga picha wa mwanzo kabisa pale, tangu karne ya 19, alikuwa A. C. Gomes, mtu wa Goa. Mwaka 1930 Ranchhod Oza, naye mwenye asili ya India, akafungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, na baadaye mwanawe Rohit Oza akaiendeleza. Leo mtu akitaka kujua Zanzibar ya wakati wa masultani na ya wakati wa Mapinduzi ya 1964 ilifananaje, anakwenda kwenye picha za hawa. Lakini mkate wao wa kila siku ulitoka kwa watu walioingia studio wenyewe, wamechana nywele, wamevaa nguo wanayoitaka, wakalipa, wakaondoka na sura zao.

Chukua Kinshasa. Jean Depara alizaliwa Angola mwaka 1928, akahamia mji ule mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati huo ukiitwa Léopoldville. Alikuwa anatengeneza baiskeli, saa na redio, na kamera yake aliinunua kwa ajili ya harusi yake mwenyewe. Kutoka hapo akaingia mtaani na kwenye mabaa ya usiku, akawa mpiga picha wa mwanamuziki Franco. Angalieni picha zake za usiku. Watu wanamtazama usoni, wamejiweka sawa, wamekunja mguu, wanajua wanapigwa na wanapenda. Mgeni kutoka Angola, lakini wenye mji ndio walioamua waonekane vipi.

Chukua Likoni, Mombasa. Miaka ya 1990 kwenye kivuko walijaa wapiga picha wenye vibanda, wengi wao watu wa bara waliokuja pwani kutafuta maisha. Nyuma ya mteja wanatundika mapazia yaliyochorwa meli, ndege na maghorofa ya miji ya mbali. Msafiri aliyekuwa anasubiri feri anapigwa "akiwa ng'ambo" kwa dakika mbili. Mwaka 1997 zilipotokea ghasia za Likoni, waliolengwa walikuwa hao hao watu wa bara. Kwa hiyo mpiga picha wa ugenini hajawahi kuwa na uhakika wa usalama. Anaishi kwa imani ya wale anaowapiga, na imani hiyo lazima aitafute upya kila asubuhi.

Hapo ndipo ninapoona tofauti. Gomes, Oza, Depara, watu wa Likoni na kaka yetu wa Nakonde, wote wanalishwa na mtu aliye mbele ya kamera. Huyo ndiye wanayetaka afurahi. Wa siku hizi analishwa na mtu aliye mbali, anayebonyeza kopa kwenye simu. Aliye mbele ya kamera amegeuka malighafi. Akikunja uso, vizuri zaidi. Akilia, vizuri sana, laiki zitamiminika.

Na msidhani ni sisi tu tunaowafanyia Wazungu huko Ulaya. Pale pale kwenye foleni ya Tunduma, kaka alinisimulia dereva mmoja aliyekuwa anaoga kando ya lori, kajifunga taulo, ana ndoo yake. Msafiri wa kwenye basi akachomoa simu, akapiga. Ikazunguka kwenye magrupu na maneno ya utani chini yake. Yule dereva akaja kuiona siku mwanawe anayesoma sekondari alipompigia simu na kumuuliza, "Baba, ni wewe?" Jamani, mtu anaoga barabarani kwa sababu amekaa siku nzima hana bafu, si kwa sababu ameweka onyesho.

"Lakini sheria inaruhusu." Hiyo ndiyo hoja iliyorudiwa sana Jumamosi. Sheria ipi? Ukiwa ugenini inabidi ujue uko wapi. Kule Montreal, Kanada, binti wa miaka 17 alipigwa picha ameketi kwenye ngazi za jengo kandokando ya mtaa, ikatoka kwenye jarida la sanaa mwaka 1988 bila yeye kuulizwa. Wenzake wakamcheka. Alikwenda mahakamani, kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Kanada, na mwaka 1998 akashinda. Fidia yake ilikuwa dola 2,000. Hakuwa uchi, hakuwa amedhalilishwa, alikuwa amekaa tu. Lakini sheria ya Quebec ilisema sura yake ni yake.

Vuka mpaka uende New York, mambo yanageuka. Mpiga picha Philip-Lorca diCorcia alitega taa pale Times Square akawa anawapiga wapita njia kwa mbali bila wao kujua. Mmoja alikuwa mzee wa Kiyahudi ambaye imani yake ilimzuia mambo hayo ya sanamu na picha. Picha ikaonyeshwa mwaka 2001, nakala zikauzwa kwa maelfu ya dola. Mzee akashtaki, na mwaka 2006 mahakama ikasema ni sanaa, kesi ikatupwa. Yaani kitendo ni kile kile, huku kosa, kule halali. Mimi hilo linaniambia kwamba sheria peke yake haiwezi kukufundisha adabu. Yule mzee alishindwa mahakamani, lakini sijaona ni wapi alikosea kuumia.

Niwatendee haki na wanaonipinga. Hoja yao nzito ni mbili. Ya kwanza, ukiomba kwanza, uhalisia unakufa. Mtu anajirekebisha, anatoa tabasamu la kanisani. Ni kweli. Lakini nani alisema lazima uombe kabla? Piga, kisha sogea, mwonyeshe, muulize. Akisema futa, unafuta. Utapoteza picha nzuri, ndiyo, na mwenye sura naye atakuwa hajapoteza kitu. Vilevile siamini kwamba mtu akijiweka sawa ndiyo amekuwa wa uongo. Yule mama wa kapenta alivyotaka kuonekana ni ukweli pia, pengine kuliko ukweli wa kumvizia anapiga miayo.

Ya pili, kuna picha zisizoweza kusubiri. Mwaka 1984 Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzia kazi yake Dar es Salaam, alikwenda Ethiopia akapiga filamu za njaa zilizoiamsha dunia nzima ikatoa msaada. Angezunguka na fomu za ruhusa? Hapana, na sitaki mtu anisingizie kwamba nimesema hivyo. Pale palikuwa na watu wanakufa na picha ilikuwa njia ya kuwaitia msaada. Lakini tusijifiche nyuma ya Mohamed Amin. Jamaa aliyelala kwenye benchi la basi Ulaya hafi kwa njaa na picha yako haimsaidii lolote. Dereva mwenye ndoo naye angesaidiwa na bafu, si na grupu la WhatsApp.

Kuna na Vivian Maier, yule yaya wa Chicago aliyezunguka mitaani na kamera miaka na miaka, akaacha negativu zaidi ya 100,000. Hakuziuza, hakuzitangaza. Zilianza kujulikana mwaka 2007 boksi zake zilipopigwa mnada, na yeye akafariki 2009. Watu wanamtaja kama utetezi wa kupiga bila kuuliza. Mimi namwona kinyume. Alipiga akabaki nazo. Ukipiga ukaiweka kabatini, mimi sina ugomvi mkubwa na wewe. Ugomvi wangu unaanzia pale unapobonyeza "tuma".

Sasa kwa nini mwanafunzi wa ualimu ajitie kwenye haya? Kwa sababu wenzangu wa elimu, TP inakuja. Tutatawanyika kwenye shule ambazo wengi wetu ni wageni, hatujui hata kilugha cha pale. Na ninajua tutakachofanya wiki ya kwanza: selfi na watoto. Mtoto hana viatu, sweta limechanika bega, darasa lina madawati matatu, na maneno chini yake "Mwalimu kazini, Mungu wabariki hawa". Nimeona nyingi mno za waliotutangulia. Yule mtoto hakuulizwa, mzazi hakuulizwa, na akifika kidato cha nne kuna mtu ataichimbua.

Huku hata sheria haiko kimya. Kenya, Septemba 2023, ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data iliipiga faini shule ya Roma ya Uthiru shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Milioni nne na nusu! Kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za watoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Lakini kama nilivyosema, sitaki tuache kwa kuogopa faini. Sisi ndio tutakuwa tunawafundisha hawa watoto kwamba mwili wao ni wao. Tutawafundishaje wakati sura zao tumeshazigawa?

Mapendekezo yangu ni haya, na si magumu. Salimia kabla hujachomoa simu. Ukipiga, onyesha. Akikataa, futa mbele yake. Mtoto, muulize mzazi au mwalimu mkuu, na kama huwezi kumpata, piga ubao, piga viatu mlangoni, piga mlima, usimpige mtoto. Na ukiahidi nakala, peleka. Hili la mwisho ndilo tunalivunja sana. Kwenda studio ya mjini kuchapisha picha kumi haikumalizii bumu lote, na kuna bibi kijijini ataiweka ukutani mpaka wewe unastaafu.

Na wewe Mbongo wa Ulaya, endapo utapita hapa: picha zako nazipenda, siwezi kudanganya. Lakini wewe unajua kukaa kwa watu kulivyo. Unajua kutazamwa kwenye treni kama umeiba kitu. Siku ukipigwa wewe umesinzia na koti la kazi, ikasambaa na maneno usiyoyajua, utapenda?

Wadau nawasilisha. Najua kuna watu wa sanaa watakuja juu, karibuni tu, ila mje na hoja, msije na "wewe mshamba wa Songwe". Ushamba wangu naujua :-) Ngoja nikawahi foleni ya ugali kabla hawajamaliza maharage.